Beberu wa Baba, Mikarafuu ya Mama

Mjomba alimpiga baba yangu kwa mpini wa jembe, mchana kweupe, nami nikiwa nimesimama hapo hapo, na kosa la baba lilikuwa adabu yake. Watu nikiwahadithia hudhani walikuwa wamelewa, au walikuwa na ugomvi wa zamani, au mjomba alikuwa mmoja wa wale wazee wasiotaka mtoto wa kike asome. Thubutu! Mjomba hakuwa amegusa hata tone, na shule aliipenda kuliko wengi. Baba alimpelekea zawadi, akamsalimia vizuri, akasema maneno aliyoyapanga njia nzima, na alipomaliza kuyasema meno yake ya mbele yalikuwa chini kwenye vumbi.

Ngoja niende kwa mpangilio, maana nikikumbuka nakasirika, na nikikasirika naruka mambo.

Tulikaa Kihonda, hapo Morogoro mjini, nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo baba aliijenga kidogo kidogo akifanya kazi kiwanda cha nguo. Baba alikuwa mtu wa kuja. Alitoka Kanda ya Ziwa, kwa watu ambao mtoto ni wa baba na ng'ombe ndio ushahidi. Mama ni Mluguru wa Kinole, huko juu kwenye matunda na viungo, na kwa Waluguru mtoto ni wa mama. Ukoo, lukolo kama wanavyouita wenyewe, unapita kwa wanawake. Shamba linapita kwa wanawake. Msemaji wa yote hayo ni mjomba, kaka wa mama. Baba anaheshimiwa, anapikiwa, anatengewa kiti, lakini ni mgeni. Nyumbani kwetu jambo hilo lilikuwa utani wa kila siku. Baba akijifanya kufoka, mama humwambia, "Kula unyamaze wewe, kuku mgeni hakosi kamba mguuni," na baba anacheka hadi anapaliwa na ugali.

Mimi nilikuwa binti pekee. Kaka zangu walikuwa kundi zima, lakini msichana mimi peke yangu, na dada wa mama alikufa kwa uzazi bila kuacha mtoto. Kila nikipanda Kinole wakati wa likizo, bibi alinishika kiuno kwa mikono miwili, akanigeuza huku na huku, akasema, "Huyu ndiye mlango wetu." Nilidhani ni mapenzi ya bibi tu. Alinionyesha mkarafuu alioupanda juu ya kitovu changu, akaniambia niupe maji, nikaupa maji. Shamba lile lilikuwa la bibi, likawa la mama, na siku moja lingekuwa langu na la binti zangu. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuona cha kuulizwa.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Madukani kukajaa kila kitu: sabuni za rangi zote, redio, mitumba ya kuchagua hadi unachoka. Vitenge vya nje vikauzwa bei chee kuliko vya kiwanda chetu, na kiwanda kikafa. Walisema kimepata mwekezaji. Mwekezaji mwenyewe tulimwona mara moja, ndani ya gari la vioo vyeusi. Siku wafanyakazi walipokwenda getini kudai haki zao waliletewa askari wa virungu, na baba akarudi na shati limechanika mgongo mzima na sikio moja halisikii tena vizuri. Tangu siku ile kicheko kiliisha. Mtu ambaye hakuwahi kuninyooshea hata kidole akamchapa kaka yangu kwa waya wa pasi kwa sababu ya kuchelewa kurudi, kisha akakaa uani akiangalia mikono yake.

Mji mzima ulikuwa hivyo, una hasira isiyo na mwenyewe. Siku moja nikitoka shule niliona mtu akichomwa kwa tairi karibu na soko, eti kaiba kanga kwenye kamba. Alikuwa amevaa viatu vya kiwandani, vile vile vya baba. Wauza nyanya waliendelea kupanga mafungu yao, na mimi nilipita nikiwa nimeziba pua kwa kola ya shati la shule. Hicho ndicho nilichokuwa nataka kukikimbia. Sikuwa na ndoto ya majumba marefu wala nini. Nilitaka kwenda mahali ambapo hakuna mtu wa kunipiga wala wa kupigwa mbele yangu.

Aliyenionyesha njia alikuwa mwalimu wetu wa Kiingereza, mwanamke mfupi mwenye mkono mzito kuliko wa mwanamume yeyote pale shuleni. Alikuwa amesoma Marekani zamani, akarudi. Nilipokuwa kidato cha sita aliniita ofisini, nikapiga magoti kabisa nikidhani nimekosa.

"Inuka, mjinga wewe," akasema. "Kichwa unacho. Unataka kwenda kusoma, au unataka kukaa hapa uzeeke unauza vitumbua stendi?"

Akanieleza. Kuna vyuo kule vinachagua watu kama mtu achaguavyo mchele, wanaomba wengi na wanaingia wachache. Wageni wanaoingia na kusomeshwa bure ni wachache zaidi. Wanataka alama za shule, wanataka mtihani wao wenyewe unaofanywa Dar es Salaam Jumamosi moja, na ukiikosa hiyo unasubiri mwaka. Halafu wanataka insha. Insha ya nini? Ya kueleza wewe ni nani.

Nilicheka. Mimi ni nani? Mimi ni mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, wa ukoo fulani. Kwetu ukiulizwa swali hilo unataja watu. Nikaenda nikaandika kurasa nzima: sisi tunatoka milimani, sisi tunalima viungo, sisi tuliteseka kiwanda kilipofungwa. Mwalimu akasoma, akaniambia nitandaze mkono juu ya meza, akanichapa kwa ncha ya rula kwenye vifundo vya vidole.

"Nani 'sisi'? Chuo hakichukui ukoo! Wewe uko wapi humu?"

Kila jioni nilikwenda, na kila 'sisi' aliyoikuta ilikuwa rula. Nilimchukia mwanamke yule, Mungu anisamehe. Nilikuwa naandika 'mimi' nikiona haya, kana kwamba nimesimama msibani nikaanza kujisifu mbele ya maiti. Insha iliyopita mwishowe ilikuwa ya siku ile ya getini, baba akirudi na shati limechanika na mimi nikimshonea. Ilianza kwa neno 'mimi', na niliiandika vidole vikiwa vimevimba. Mwalimu aliisoma, akavua miwani, akasema, "Sasa naona mtu." Akaipeleka posta mwenyewe pamoja na karatasi nyingine zote, na ukabaki mtihani.

Baba alipopata habari alirudi kuwa yule baba wa zamani kwa wiki nzima. Aliwaambia hadi wanaopita njiani. Mama alifurahi pia, lakini alifurahi kwa tahadhari.

"Kaka lazima aambiwe," akasema. "Ila niachieni mimi. Msimu wa kuchuma karafuu nitakwenda, nitakaa naye, nitamweleza taratibu."

"Mtihani hausubiri karafuu," baba akamjibu. "Na jambo la mwanangu nalisema kwa mdomo wangu. Kwani mimi sina adabu? Siendi mikono mitupu."

Basi Jumapili moja mama akiwa kanisani, baba akamfungua beberu wetu, yule mkubwa mweupe tuliyemfuga uani, akaniambia twende. Tulipanda gari hadi lilipoishia, tukapanda mlima kwa miguu, baba amevaa koti lake la harusi, beberu anakataa kila kivuko na mimi namsukuma matako. Baba alikuwa akirudia maneno yake kwa sauti ya chini. Alikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Tulimkuta mjomba anatengeneza jembe uani, bibi ameketi anachambua mboga. Salamu zikapita, maji ya kunywa yakaja. Baba akasimama, akaishika kamba ya beberu kwa mikono miwili kama kwao wanavyofanya, akasema, "Shemeji, binti amepata njia ya kwenda kusoma Marekani. Mimi sitaki kumpitisha kwa wizi. Nimekuja na mnyama huyu ili umpokee, na mimi nimtoe mwanangu kwako kwa heshima."

Bibi akaacha mboga, akafunika mdomo kwa kanga.

"Sema tena," mjomba akasema polepole.

Na baba, maskini, akadhani amependezwa. Akarudia yote, tena kwa sauti kubwa zaidi na tabasamu juu. Mpini ukampata mdomoni.

"Unanunua!" mjomba alikuwa akipiga na kusema, akipiga na kusema. "Unakuja kwangu kununua! Unaniletea beberu ili mtoto wetu aende kwa mabeberu! Mama yangu alizaa mtumwa? Dada yangu ni mtumwa?"

Mimi sikuelewa neno hata moja. Niliona tu damu kwenye koti la harusi, na baba hainui hata mkono kujikinga. Nikamrukia mjomba, nikamng'ata mkono juu ya kiwiko, nikang'ang'ania hadi nikasikia chumvi ya damu kwenye ulimi. Alinitupa ukutani. Bibi alikuwa akipiga kelele kwa Kiluguru, majirani wakaja wakamshika mjomba, nasi tukaondoka. Beberu tulimwacha pale pale akila majani ya viazi ya bibi.

Mama alitukuta mlangoni. Hakulia. Alimkalisha baba, akamsafisha, kisha akamuuliza, "Ulisema nini hasa? Neno kwa neno."

Baba akamwambia kwa mdomo uliovimba. Mama akajipiga paja.

"Mama yangu wee! Umeninunua." Ndipo akatueleza. Huko kwao, tangu enzi za mababu, mtoto hawezi kuwa wa baba isipokuwa kwa njia moja tu: mama yake awe amenunuliwa, mateka au mtumwa asiye na ukoo. Ng'ombe na mbuzi wa baba, ambao kwao ni heshima, kule juu walisema kwamba dada ya mtu ni bidhaa. "Ungekwenda mikono mitupu ukaomba chakula, angekuchekea," mama akasema. Baba aliangalia sakafu. Nilitamani atukane, avunje kitu, lakini aliomba maji ya chumvi asukutue.

Wiki ya mtihani ikafika. Mwalimu alishanipangia kwa dada yake huko Dar, nilale Ijumaa, nifanye Jumamosi asubuhi. Alhamisi mama alikuwa sokoni. Nilikuwa nafua uani niliposikia gari, pikapu ya mtu wa matunda, na mjomba akashuka na binamu zangu wawili wenye vifua. Mkono wa mjomba ulikuwa umefungwa kitambaa pale nilipomng'ata.

"Vaa viatu," akaniambia. "Bibi yako anakuhitaji."

"Shikamoo, mjomba. Siendi."

Baba alitoka ndani na nondo. Safari hii hakuwa na adabu. Alimpasua binamu mmoja kichwa, damu ikaruka hadi kwenye nguo nilizoanika, wa pili akamrukia mgongoni, wakaanguka juu ya karai la maji ya sabuni. Walimpiga wakiwa wamemlaza. Kaka zangu walikuwa kazini na vijiweni, majirani wakasimama kwenye ua wakisema, "Jamani, jamani, ni mambo ya familia." Mambo ya familia! Hadi leo nikisikia maneno hayo natamani kumpiga mtu kofi. Nilishikwa nywele, nikaburutwa hadi kwenye pikapu, jicho likagonga bodi, ndala moja ikabaki Kihonda. Baba alitambaa hadi getini akishika ubavu, akiniita jina langu, na gari likaondoka.

Kinole nilifungiwa chumba cha bibi cha ndani, kile wanamowekwa wanawali waliovunja ungo. Nilipiga mlango kwa mateke. Nilimtukana mjomba tusi ambalo sitaliandika hapa, maana wanangu wanasoma Kiswahili. Alivuta kigoda akaketi upande wa pili wa mlango, akasubiri hadi sauti yangu ikauke.

"Umemaliza?" akasema. "Sasa nisikilize. Mimi sina shida na kusoma. Kaka zako waende Marekani, waende hata mwezini, ukoo haupungui hata punje. Mwanamume akiondoka ni mtu mmoja kaondoka. Wewe ukiondoka tumeondoka wote. Mimi watoto wangu si wa huku, ni wa kwa mama yao. Nikifa mimi, akifa mama yako, nani atasema hili shamba ni la nani? Nani atamzika bibi yako kwa jina lake?"

"Kwa hiyo mniue hapa ndani?"

"Nikufungie hadi hiyo Jumamosi yako ipite. Halafu utakasirika, halafu utaolewa, halafu utanisamehe." Sauti yake haikuwa ya ukali. Alikuwa amechoka, na nadhani alikuwa akilia, lakini wakati ule sikujali. Nilimwambia natamani ningemng'ata shingo.

Ijumaa asubuhi nilisikia shoka.

Mlio wake haukuwa wa kuni. Mpasua kuni hupumzika, huyu hakupumzika. Bibi akapita mbio nje, kisha mjomba, kisha nikasikia sauti ya mama yangu ikiwa mbali kidogo, upande wa shamba. Nikautia bega mlango. Kwa kuwa waliokuwa wakiulinda wamekimbilia huko, safari hii kitasa kiling'oka, nikatoka nikichechemea na mguu mmoja mtupu.

Mama alikuwa kwenye mikarafuu. Alipanda mlima alfajiri peke yake, na kanga yake ilikuwa imelowa umande hadi magotini. Mkarafuu wa kitovu changu ulikuwa tayari umelala, shina jeupe limechanika, na harufu ilikuwa imejaa pale kiasi kwamba macho yanawasha. Alikuwa ameingia kwenye wa pili. Mipilipili manga alikwisha kuikata yote kwa panga, imelala chini na vichala vibichi. Midalasini pia. Miti ile ilipandwa na bibi. Mama aliipalilia tangu akiwa msichana, na kila msimu alikuja kuichumia kwa mikono yake na kuizungumzia mjini hadi tukachoka. Alikuwa akiikata huku akitukana, mama yangu ambaye kanisani alikaa benchi la mbele.

Mjomba alimkimbilia. Mama akageuka na shoka limeinuliwa.

"Sogea, kaka. Sogea nikuoneshe."

"Umerukwa na akili! Ni miti ya mama!"

"Ni miti ya nani? Si mnasema ni ya mwanangu? Si ndiyo mnayomfungia?" Akapiga shina, vipande vikaruka. "Nitaimaliza yote. Nikimaliza miti nachoma nyumba. Nikimaliza nyumba tuone mtamfungia mtu kwenye urithi gani!"

Mjomba akamvamia. Alimpiga kofi moja, nikaliona, kichwa cha mama kikageuka. Mama akamrudishia kwa ubapa wa shoka kwenye nyonga, na yule mzee akakaa chini pale pale kwenye matawi, mguu umenyooka mbele. Hakuinuka. Akalia kwa sauti, mwanamume mzima, mikono imejaa majani ya mikarafuu. Bibi alikuwa amesimama kando. Alikuwa akiangalia kisiki cha mkarafuu wangu tu.

Mama alikata hadi wa mwisho. Mimi nilisimama sikumsaidia wala sikumzuia. Kisha akaliacha shoka, akanishika mkono, na kiganja chake kilikuwa kimechubuka chote, kinateleza damu. Tulipompita bibi mama akapiga goti, akasema, "Mama, nisamehe." Bibi akageuza uso.

Tulishuka kwa lori la ndizi. Mwalimu alikuwa stendi na begi langu, kama mama alivyomwomba, akaniangalia usoni, akaangalia mguu wangu, akavua viatu vyake akanipa. Alirudi kwake peku. Jumamosi nilikaa kwenye ukumbi Dar es Salaam na watoto wa mabalozi na wa wafanyabiashara, jicho moja limeziba, nywele zinanuka karafuu. Msimamizi aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia naomba penseli.

Miezi ikapita. Baba alipona ubavu, hakupona kicheko. Mama hakupanda tena Kinole. Msimu wa karafuu ulipofika alijifungia chumbani siku nzima, na sisi tukapika wenyewe. Halafu jibu likaja. Lilikuwa fupi na la adabu nyingi: wamefurahi kunisoma, walioomba walikuwa wengi na wazuri, wanasikitika, wananitakia mema. Nililisoma nikiwa nimesimama uani. Mama alikuwa anakuna nazi.

"Wamesemaje?"

"Wamenikataa, mama."

Akainuka kwenye mbuzi ya nazi. Mama hakuwahi kunipiga, tangu kuzaliwa kwangu. Alinipiga kofi moja, sikio likalia hadi jioni, na machicha ya nazi yakabaki shavuni.

"Maji tumeshayavulia nguo," akasema. "Mikarafuu haisimami tena. Kwa hiyo utaandika tena. Utaandika hadi wachoke wao. Ingia ndani."

Nikaingia ndani, nikaandika nikilia kwa hasira, nikimlaani yeye na mjomba na Marekani yote. Safari hii niliandika juu ya shoka. Mwalimu alisoma, rula ikiwa mezani, na hakuigusa. Mwaka uliofuata chuo kimoja kidogo, cha mahali penye theluji ambako hakuna mtu wa Morogoro aliyewahi kupasikia, kikanichukua.

Nilisoma. Nilikaa. Niliolewa na mtu wa huko huko, mtu mpole ambaye hajawahi kuinua mkono juu ya kitu chochote, hata nzi humtoa dirishani. Nilichokikimbia nilikikimbia kweli. Nilipojifungua mara ya kwanza nilipiga simu, mama akauliza, "Nini?" Nikasema mvulana. Akasema, "Mungu ni mwema." Mara ya pili akauliza tena, nikasema mvulana, na ile simu ikawa kimya hadi nikadhani imekatika. Baada ya hapo daktari aliniambia basi, sitazaa tena. Hilo mama sikumwambia kwa simu.

Baba alipofariki nilirudi na wanangu wote wawili, na baada ya arobaini mama akasema twende Kinole. Bibi alishazikwa. Midalasini ilikuwa imechipua upya kwenye visiki, imekuwa vichaka. Mikarafuu haikuchipua. Mjomba alikuwa mzee wa fimbo, anachechemea upande ule aliopigwa na dada yake, na juu ya kiwiko bado ana alama ya meno yangu. Alitupokea vizuri mno. Alitusalimia mmoja mmoja, akatupa pole ya msiba, akamtaja baba kwa heshima na kumwita shemeji yake.

Wanangu walikuwa warefu tayari. Walimwamkia shikamoo kwa lafudhi yao ya pua, akaitikia marahaba, akawashika mabega, akawageuza huku na huku kama bibi alivyokuwa akinigeuza mimi. Aliwaangalia kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa. Mimi mdomo ninao, na njia nzima nilipanga majibu ya kila tusi.

"Wajomba wazuri hawa," akasema, na aliwasifia kweli kutoka moyoni. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Wajomba wa nani?"

Dada wa kuwazalia wapwa hawakuwa naye. Mama alikuwa jikoni, karibu kiasi cha kusikia kila neno, na hakutoka.